Vitabu Katika Safari: Historia Fupi ya Maktaba za Wakimbizi, Kuanzia Barabara ya Kajaga



Hili ni toleo la kumbukumbu ya tarehe 20 Juni. Safari hii tumechagua kuandika juu ya maktaba. Tulipolitaja jambo hili kikaoni, mzee mmoja alisimama akauliza: "Posho imepunguzwa, watoto wanalala na njaa, nanyi mnaandika juu ya vitabu?" Swali lake ni la haki. Hatutalikwepa. Tutamjibu kwa historia, kisha kila msomaji apime mwenyewe.

Kajaga, mahali pa kupita

Kajaga iko magharibi ya Bujumbura, kando ya ziwa Tanganyika, kwenye barabara iendayo Gatumba na mpaka wa Kongo. Ng'ambo ya mpaka ni Uvira. Kila vita vinapowaka Kivu ya Kusini, barabara hii hujaa watu wenye magodoro kichwani na watoto mgongoni. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2004, na mwaka 2025 makumi ya maelfu walivuka tena kuingia Burundi, wengine wakiuvuka mto Rusizi penyewe. Wenyeji nao wanajua kuhama ni nini: Aprili 2020 Rusizi ilifurika Gatumba, na miaka iliyofuata ziwa lilipanda likaingia katika nyumba za watu wa ufukweni, Kajaga ikiwamo.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi waliokuwa katika kambi ya muda ya Gatumba walishambuliwa. Zaidi ya watu 150 waliuawa, wengi wao Wanyamulenge, wanawake na watoto wakiwa wengi. Tunawakumbuka. Jambo hilo linahusu pia habari yetu ya vitabu, kama tutakavyoeleza.

Mkataba wa Wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa mwaka 1969, ulioanza kutumika tarehe 20 Juni 1974, unasema kwamba kwa usalama wao wakimbizi wakalishwe mbali ya kutosha na mpaka wa nchi walikotoka. Gatumba ilituonyesha kwa damu sababu ya kifungu kile. Ndiyo maana kambi za Burundi ziko ndani ya nchi: Gasorwe huko Muyinga, Musasa huko Ngozi, Bwagiriza huko Ruyigi, iliyofunguliwa mwaka 2009, na Kavumu huko Cankuzo, iliyofunguliwa mwaka 2013. Umbali huo unalinda maisha. Lakini umbali huohuo unamweka kijana mbali na mji, mbali na chuo, mbali na duka la vitabu. Kama mtu hawezi kukifuata kitabu, basi hakuna budi kitabu kimfuate mtu.

Waliotutangulia

Wazo la kitabu kumfuata mtu si geni katika nchi zetu. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipokelewa Tanzania katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na, baadaye, Mishamo. Waliikuta nchi iliyokuwa katika vita vya kufuta ujinga. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Watu walipokwisha jua kusoma, swali likawa: wasome nini? Bila maandishi, aliyejifunza leo husahau kesho. Kwa hiyo zikaanzishwa maktaba za vijijini, kila moja na vitabu vichache vya Kiswahili juu ya kilimo, afya na siasa, na mwaka 1974 likatolewa Mwanza gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho.

Maktaba zile zilisaidia, kisha nyingi zikafifia. Uchumi ulipoanguka miaka ya 1980, vitabu vipya havikuja, na vya zamani vilisomwa vikachakaa. Hilo ni fundisho la kwanza: maktaba isiyopata vitabu vipya hufa, hata kama milango yake iko wazi.

Kenya walifanya kwa njia yao. Mwaka 1996 Shirika la Maktaba la Taifa lilianza kuwapelekea vitabu wafugaji wa Garissa kwa ngamia. Wafugaji huhama wakifuata maji na malisho, na gari hukwama mchangani, ngamia hakwami. Walianza na ngamia watatu tu: mizigo yao ilikuwa masanduku ya vitabu na hema la kusomea. Fundisho la pili: chombo cha kubebea vitabu kifuate maisha ya watu, si watu kufuata chombo.

Na katika nchi zinazotumia Kifaransa, Burundi ikiwa mojawapo, ulikuja mpango wa vituo vya kusoma na utamaduni, vinavyojulikana kwa herufi CLAC, ulioanza Benin mwaka 1986. Wafadhili walileta vitabu, michezo na vyombo vya sauti. Nchi na tarafa zilitoa nyumba na mtunzaji. Fundisho la tatu liko hapo: mgeni hutoa mbegu, mwenyeji hutoa shamba. Shamba likikosa mwenyewe, mbegu huliwa na ndege.

Sanduku la Kavumu na Bwagiriza

Sasa tufike kwetu. Mwaka 2007 lilianzishwa Ufaransa shirika la Bibliothèques Sans Frontières, maana yake maktaba zisizo na mipaka. Mwanzilishi wake ni mwanahistoria Patrick Weil. Tetemeko lilipoiharibu Haiti mwezi Januari 2010, shirika hilo liliombwa huko lisaidie kurudisha maktaba. Wakaona jambo: watu waliokwisha pata maji, chakula na hema walikuwa wakikaa siku nzima bila la kufanya, bila habari, bila shule. Mwili uliokolewa, akili ikaachwa nje ya mlango.

Kwa kushirikiana na HCR wakatengeneza maktaba ya kusafirishwa, iitwayo Ideas Box. Aliyeichora ni fundi mashuhuri Philippe Starck. Ni masanduku ya rangi yanayosafiri juu ya pandio mbili za mizigo. Yakifika hufunguliwa kwa muda usiozidi dakika 20 au zaidi kidogo, yakawa meza, viti na rafu, na uwanja wa mita za mraba 100 ukageuka kuwa maktaba. Ndani yake mna vitabu vya karatasi, kompyuta, vioo vya kusomea, intaneti, sinema, kamera na vifaa vya michezo, na umeme wake mwenyewe.

Mahali pa kwanza duniani palipopelekwa masanduku hayo palikuwa Burundi, mwaka 2014, katika kambi za Wakongomani, Kavumu na Bwagiriza. Si Paris wala Geneva. Baadaye masanduku ya namna hiyo yalikwenda Jordani, Ugiriki, Kolombia na hata katika mitaa ya Marekani. Watu wa kambi zetu wasijione daima kama wanaopokea mwisho: safari hii dunia ilijifunza kwao.

Jibu kwa mzee wetu

Mzee wetu aliuliza kama vitabu vinashinda chakula. Hapana. Mtoto mwenye njaa hasomi, na kamati itaendelea kudai posho kwa HCR na PAM bila kuchoka. Lakini tuangalie hesabu ya miaka. Msichana aliyeingia Bwagiriza akiwa na miaka 6 mwaka 2009 alitimiza miaka 20 mwaka 2023. Posho ilimfikisha kwenye umri huo. Je, ilimfikisha na nini kichwani? Siku atakaporudi Kongo, au kupelekwa nchi ya tatu, au kukaa hapahapa, hataulizwa alikula kilo ngapi za unga. Ataulizwa anajua nini.

Tena kuna jambo ambalo hakuna mfadhili awezaye kutuletea kwa ndege. Waliookoka Gatumba wanazeeka. Watoto waliozaliwa kambini hawajui kijiji cha babu yao kilikuwa mlima gani. Maktaba ina kazi ya pili, kuhifadhi. Kamera na kinasa sauti vinavyorekodi mchezo wa watoto vinaweza kurekodi pia ushuhuda wa bibi. Tusipoandika wenyewe, wataandika wengine, nao wataandika kama walivyoona wao.

Ilani ya UNESCO juu ya maktaba za umma, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1949 na kurekebishwa mara ya mwisho mwaka 2022, inasema maktaba ni ya wote kwa usawa, bila kujali kabila, dini, lugha wala uraia. Basi mwenye kadi ya posho na asiye nayo, mkimbizi na mwenyeji, wote ni wasomaji.

Kwa hiyo kamati inapendekeza haya:

1. Kila eneo lichague watunzaji wawili wa vitabu, mwanamke na mwanamume, na daftari moja la kuazima. Kitabu kisichoandikwa daftarini kimekwisha potea.

2. Tukiomba vitabu, tuseme lugha: Kiswahili kwa wote, Kifaransa kwa wanafunzi, na lugha za nyumbani kwa wadogo. Sanduku la vitabu visivyosomeka ni kuni.

3. Wenyeji waalikwe kuanzia siku ya kwanza. Mto ukifurika tena, tutahifadhiana vitabu kama tunavyohifadhiana watoto.

4. Kila Jumamosi mzee mmoja asimulie, kijana mmoja aandike.

La nne halihitaji mfadhili. Linahitaji kalamu na kivuli cha mti. Tuanze nalo. Na mzee aliyetuuliza swali kikaoni, tunakuomba uwe wa kwanza kusimulia.

Kamati ya Jumuiya