Ukawiaji wa Sauti: Istilahi ya Kuijua Kabla ya Kununua Kompyuta ya Muziki

Mwanafunzi anayetaka kutengeneza muziki chumbani kwake huuliza kwanza: ninunue kompyuta gani ya mezani kwa hela kidogo nilizonazo? Majibu anayopewa huwa ni majina na namba: prosesa hii, kumbukumbu kiasi kile, kadi ya picha ya aina fulani. Ni nadra kuelezwa jambo litakaloamua kama ataimba na kupiga kinanda kwa raha au kwa karaha. Mafundi wa studio hulitaja jambo hilo kwa neno la mkopo: latensi. Makala haya yanaeleza maana yake, yanapima maneno ya Kiswahili yanayoweza kushika nafasi yake, kisha yanaonyesha jinsi ya kuchagua kompyuta kwa kutumia kipimo hicho.

Latensi ni muda unaopita tangu sauti iingie kwenye mitambo hadi itoke na kusikika. Mwimbaji akitamka neno mbele ya maikrofoni, kifaa cha sauti huligeuza neno hilo kuwa namba, kompyuta huzipokea namba hizo, programu huzichakata, kisha hugeuzwa tena kuwa sauti na kumfikia mwimbaji kupitia hedifoni. Kila kituo kina muda wake, na muda huo hupimwa kwa milisekunde.

Sehemu kubwa ya muda huo hutokana na namna kompyuta inavyofanya kazi. Kwa kawaida sauti ya kurekodi hupimwa mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. Kompyuta haiwezi kuhangaika na sampuli moja moja. Huzikusanya katika fungu linaloitwa bafa, kama kibarua anavyojaza zege kwenye karai kabla ya kumpelekea fundi. Karai dogo hufika upesi, lakini kibarua hukimbia bila kupumzika. Karai kubwa humpa kibarua nafasi ya kuvuta pumzi, ila fundi hukaa akisubiri.

Hesabu yake ni rahisi: gawanya idadi ya sampuli katika fungu kwa sampuli za sekunde moja. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, fungu la 128 ni milisekunde 2.7, la 256 ni 5.3, la 512 ni 10.7, na la 1,024 ni 21.3. Hiyo ni safari ya upande mmoja. Mwimbaji anayejisikiliza kupitia kompyuta hulipa nauli ya kwenda na kurudi, na juu yake huongezwa muda wa vifaa vyenyewe.

Je, milisekunde chache ni kitu cha kumsumbua mtu? Hewani, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 10 ni muda wa sauti kuvuka mita tatu na nusu hivi. Wanamuziki wa bendi huishi na umbali huo jukwaani na hawalalamiki. Milisekunde zikifika 20 au 30, hali hubadilika. Chukua singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam, wenye mapigo 200 kwa dakika au zaidi. Kwa mwendo wa 200, pigo moja ni milisekunde 300, na robo ya pigo ni 75. Mpiga kinanda anayeisikia noti yake baada ya milisekunde 30 amekwisha kupoteza zaidi ya theluthi moja ya robo hiyo. Vidole vitaanza kuwahi ili kufidia, na biti itayumba. Mwanafunzi atadhani hana kipaji, kumbe mitambo haikupangwa vizuri.

Tuliiteje jambo hili kwa Kiswahili? Neno linalojitokeza kwanza ni *ucheleweshaji*. Linaeleweka, lakini lina kasoro mbili. Kwanza, limetokana na kitenzi cha kusababisha: palipo na ucheleweshaji pana anayechelewesha, ilhali hapa tunataja muda wa safari yenyewe. Pili, na hili ni zito zaidi kwa wanamuziki, programu za muziki tayari zina kikorombwezo ambacho maprodyuza hukiita dilei, kinachorudiarudia sauti kwa makusudi ili kuipamba. Hicho ndicho kinachostahili jina la ucheleweshaji, kwa kuwa hapo mtu anaichelewesha sauti kwa hiari yake. Tukitumia neno moja kwa ugonjwa na kwa pambo, mwanafunzi atapotea.

Ninapendekeza *ukawiaji*. Methali zetu zimekwisha kutofautisha vitenzi hivi viwili. "Chelewachelewa utamkuta mwana si wako": anayechelewa hukosa. "Kawia ufike": anayekawia hufika, ila baada ya muda. Mama anayemtuma mtoto dukani humwambia asikawie, yaani asitumie muda mrefu kati ya kwenda na kurudi. Sauti ndani ya kompyuta hufanya hivyo hivyo: huenda, hupita vituo vyake, hurudi, na swali ni imetumia muda gani. *Ukawiaji wa sauti* linaitaja safari nzima, halimtafuti mkosaji, na halipigani na istilahi nyingine ya muziki.

Tukiwa na neno hilo mkononi, suala la kompyuta linakuwa wazi. Kila mashine inaweza kupunguza ukawiaji kwa kuchagua fungu dogo. Kazi ni kulimaliza fungu hilo kwa wakati. Ukichagua sampuli 128, prosesa inapewa milisekunde 2.7 kukamilisha vyombo vyote na vikorombwezo vyote, tena na tena. Ikishindwa mara moja tu, sauti hukatika au hutoa mlio wa kupasuka. Kununua kompyuta ya muziki ni kununua uwezo wa kufanya kazi na mafungu madogo bila sauti kukatika.

Kwa hiyo tazama kwanza kasi ya kila kiini cha prosesa, siyo wingi wa viini peke yake. Chombo na vikorombwezo vilivyofuatana kwenye mstari mmoja wa kurekodia (traki) husubiriana, na hivyo ni vigumu kuvigawa kwa viini tofauti. Kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini, kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, humfaa sana mwanafunzi. Tafuta yenye Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Core i5-8500, kwa mfano, ina viini 6 na hufika gigahezi 4.1. Kizazi hicho kina faida nyingine: Windows 11 inakikubali rasmi, wakati huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Kumbukumbu ya GB 16 na diski ya SSD vinatosha kwa kuanzia. Havipunguzi ukawiaji moja kwa moja, bali huzuia mashine isikwame inapofungua vyombo vyenye sauti nyingi zilizorekodiwa. Kadi ya picha ya bei kubwa haina kazi hapa, wala taa za rangi ndani ya kasha. Hela hiyo ihamishie kwenye kiolesura cha sauti, yaani kisanduku kinachounganisha maikrofoni, gitaa na hedifoni na kompyuta. Kwenye Windows, hakikisha kina draiva yake, yaani programu ya kukiendesha, ya ASIO, mfumo ulioletwa na Steinberg mwaka 1997 ili programu izungumze na kifaa cha sauti kwa njia fupi. Hakikisha pia kinamruhusu mwimbaji kujisikiliza moja kwa moja kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta. Uwezo huo mmoja huondoa karibu tatizo lote la ukawiaji wakati wa kuimba, hata kwenye mashine dhaifu. Na kwa kuwa kompyuta ya mezani haina betri, tenga hela za UPS, yaani betri ya akiba: umeme ukikatika katikati ya kurekodi, kazi isiyohifadhiwa hupotea.

Dukani, usiridhike na kuiona ikiwaka. Nenda na flashi yenye programu kama REAPER, ambayo inaweza kusakinishwa humo humo, pamoja na wimbo wako wenye mistari mingi. Omba nafasi, weka fungu la sampuli 256, acha wimbo uzunguke huku ukiongeza vikorombwezo kimoja kimoja, na usikilize kwa hedifoni. Sauti ikikatika mapema, zima Wi-Fi na ujaribu tena, kwa sababu draiva zake huweza kuiba zamu ya sauti. Ikiendelea kukatika, tafuta mashine nyingine. Sikiliza na feni pia: inayovuma dukani itavuma kwenye maikrofoni yako.

Ukishafika nyumbani, usiache fungu katika kiwango kimoja siku zote. Wakati wa kuimba na kupiga, shusha hadi 128 au 256. Wakati wa kuchanganya sauti, ambapo hakuna anayejisikiliza, pandisha hadi 1,024 ili prosesa ipumue. Mashine ile ile itafanya kazi kubwa zaidi bila kuongezwa hata shilingi.

Walimu wa muziki, wauzaji wa vifaa na maprodyuza, litumieni neno *ukawiaji* mnapowaelekeza vijana, na waelezeni hesabu yake. Nawe mwanafunzi, kabla ya kutoa hela, muulize muuzaji swali hili: kwa fungu la sampuli 128, mashine hii itabeba mistari mingapi kabla sauti haijakatika? Kama hana jibu, omba muijaribu pamoja kabla ya kulipa.