Mnyororo wa Askari Katika Sataranji

Mwaka 1834 wachezaji wa London na wa Paris walianza kushindana sataranji kwa barua. Mwenye kete nyeupe, London, alimsogeza askari wa mfalme hadi nyumba ya e4. Paris ikajibu kwa hatua moja tu, e6. Paris ilishinda mchezo ule, na ufunguzi ukabaki na jina la Kinga ya Kifaransa.

Hatua hiyo moja yaonekana ya woga. Lakini mwenye nyeusi akiisha kumweka askari wa pili d5, na mwenye nyeupe, mwenye wake d4, akimpeleka wa e4 hadi e5, askari wa kila upande hufungamana kwa mshazari, wa nyuma akimlinda wa mbele. Nyeupe hupata uwanja. Nyeusi hubanwa, na askofu wa c8 hukaa nyuma ya e6 kama mtu aliyefungiwa mlango na nduguze mwenyewe.

Ashambulie wapi? Aron Nimzowitsch, mzaliwa wa Riga, katika kitabu chake Mein System kilichoanza kutoka mwaka 1925, alifundisha kuwa mnyororo hupigwa shinani. Shina ni d4. Basi nyeusi humsukuma askari hadi c5, farasi akaja c6, malkia b6, wote macho yao d4. Kukipiga kichwa, yaani kwa f6, nako kumo, ila kwa maoni yangu hufaa baadaye. Naye askofu mfungwa? Pengine hupitia d7 hadi b5, akabadilishana na askofu bora wa nyeupe.