Mbwa wa Mwindaji

Kiamunyi, kando ya mji wa Nakuru, leo ni mahali pa nyumba na mashamba madogo. Hapo kale nchi hizi zilikuwa za wawindaji. Katika msitu wa Mau, Waogiek waliwinda pongo na nguruwe-mwitu, na mbwa wao walitangulia, wakamzingira mnyama kwa kubweka mpaka mwenye mkuki afike.

Reli ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na walowezi wa Kizungu wakaja kutwaa ardhi ya Bonde la Ufa. Kwao Ulaya walikuwa na mbwa wa namna nyingine, kazi yake kuonyesha ndege. Mbwa huyo akinusa kwale majanini, habweki wala hakimbii. Husimama kimya kama gogo, mguu mmoja juu, pua ikielekea alikojificha ndege. Naye ana vioja vyake: pengine humwonyesha kobe kwa heshima ile ile!

Mwenzi wa mwindaji alikuwa yule yule, bali sheria ilibagua. Mlowezi alilipia leseni, akaitwa mwanamichezo. Mwogiek asiye na leseni aliitwa mwizi wa nyama. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wa porini. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Waogiek walivunjiwa haki zao kwa kufukuzwa Mau.

Mbwa hakuuliza leseni wala rangi. Alimjua mtu kwa mkono uliomlisha.