Malazi ya Msafiri wa Kariakoo

Mgeni akisimama leo katika Mtaa wa Msimbazi, begi lake likiwa miguuni, akamwuliza mwenyeji wa Kariakoo ilipo hoteli ya karibu, aghalabu ataonyeshwa mahali pauzwapo wali, maharage na chai ya maziwa, wala hataonyeshwa mahali pa kitanda; na akitaka kitanda hana budi aulize gesti, ama alitaje jina lake refu lipakwalo rangi juu ya milango, yaani nyumba ya kulala wageni. Hilo si kosa la mwenyeji wala si upungufu wa lugha. Neno hoteli lilipoingia katika vinywa vya watu wa mtaa huu lilikuta chakula kinauzwa na usingizi hauuzwi, likatua palipokuwa na biashara. Maana mchukuzi wa bandarini alikuwa radhi kununua chai na andazi kwa mtu asiyemjua, lakini kulala kwa mtu asiyemjua, tena kwa fedha, lilikuwa jambo geni kwake, na fedheha kwa akraba zake waliokuwa na mkeka wa kumtandikia. Nataka kueleza jinsi usingizi ulivyopata bei hapa Kariakoo, kwa sababu naamini kwamba asiyejua habari hiyo hawezi kukadiria vema masurufu ya safari yake, hata akiwa hodari wa hesabu.

Mji wa Dar es Salaam, ambamo Kariakoo umo, si mkongwe kama Kilwa au Mombasa. Palikuwa na kijiji cha Mzizima, na katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga kando yake bandari aliyoipa jina la Dar es Salaam, akafariki mwaka 1870 kazi ikiwa haijatimia. Misafara ya pembe iliendelea kuteremkia Bagamoyo, na huko ndiko wapagazi wa Kinyamwezi walikokuwa na kambi zao za kupumzikia. Wajerumani walipoufanya Dar es Salaam kuwa makao yao makuu mwaka 1891, walileta kanuni za ujenzi zilizougawa mji kwa namna ya nyumba, na kwa hiyo, kwa namna ya watu: nyumba za Kizungu upande wa bahari, maduka katikati, na nyumba za miti na udongo nyuma yake. Upande wa bahari ulikuwa na hoteli ya Kaiserhof, ambayo baadaye mahali pake pamejengwa New Africa, na nasaba ya hoteli hizo, pamoja na Kilimanjaro iliyofunguliwa mwaka 1965, ni nasaba ya meli, bwana na mtumishi. Gesti ya Kariakoo haitoki katika nasaba hiyo hata kidogo, na wanaoipima kwa kipimo cha hoteli za pwani, wakaihesabu kuwa hoteli iliyokosa fedha, wanaidhulumu.

Kariakoo ulianza kwa kulaza watu. Wajerumani walikuwa wamejenga hapo jumba kubwa la sherehe, vita vya 1914 vikawakuta hawajalitumia. Na Waingereza walipoutwaa mji Septemba 1916 waliweka hapo kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na midomo yetu ikalilainisha jina hilo likawa Kariakoo. Watu waliochukuliwa kutoka kila upande wa nchi walilala hapo wakingoja kupewa mizigo ya risasi na unga wa kupeleka kusini, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita hivyo hawakurudi makwao. Atembeaye leo kati ya maduka ya vitenge na simu anapita katika Mtaa wa Mahiwa, wa Narung'ombe na wa Tandamti, pengine bila kujua kwamba hayo ni majina ya mapigano ya mwaka 1917 katika nchi ya Lindi. Baada ya vita jumba lile likawa soko, na uwanja wa kambi ukapimwa viwanja, na kati ya mtaa huu na mji wa maduka ukaachwa uwazi wa Mnazi Mmoja. Kisha, Kariakoo ulipojaa, watu wakasogezwa Ilala, ambayo jina lake limekuwa la wilaya nzima, wilaya ambayo halmashauri yake ilipewa hadhi ya jiji Februari 2021.

Katika viwanja hivyo ndipo iliposimama nyumba ambayo kwangu ni mama wa gesti zote, nayo ni nyumba ya Kiswahili. Naomba msomaji anistahimilie nikiieleza kwa kirefu, maana zilizobaki zinahesabika. Mbele palikuwa na baraza, ambayo ilikuwa ya mwenye nyumba na ya mpita njia kwa pamoja. Kisha mlango mmoja, na mlangoni ukaanza ukumbi mwembamba ulionyooka hadi uani, vyumba vitatu upande wa kuume na vitatu upande wa kushoto, kila kimoja na mlango wake na kufuli lake. Na huko uani palikuwa na jiko, choo, mahali pa kuogea, pipa la maji na kamba ya kuanikia nguo. Kuta zilikuwa za boriti na fito zilizokandikwa udongo, na paa la makuti, ambalo baadaye lilikuwa la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, na hatimaye la mabati. Mwenye nyumba, na wanawake hawakukosekana miongoni mwa wenye nyumba hizo, alikaa katika chumba kimoja au viwili na jamaa zake, na vilivyobaki akavipangisha kwa mwezi. Mtu yeyote aliyeingia au kutoka alipita barazani, akasalimu, akaonekana. Nyumba hiyo haikujengwa iwe ya wageni, lakini hapana aliyeweza kubuni nyumba iliyo bora kwa kazi hiyo: chumba ni cha siri, ukumbi ni wa wote, na mlango mkubwa una macho.

Mgeni wa kwanza wa nyumba hiyo hakulipa kitu. Reli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1905 ilifika Kigoma mwaka 1914, na garimoshi likawa linashusha watu wa Tabora na Morogoro na Dodoma ambao kila mmoja alikuwa na jina moja moyoni, la mjomba, la shemeji, la mtu wa kijijini kwao, naye alikwenda mtaa kwa mtaa akiuliza mpaka akalipata. Kwa ada ya Kiislamu dhifa ya mgeni ni siku tatu, na izidiyo hapo ni sadaka; mjini mwenyeji mwenye chumba kimoja alitoa siku tatu, na mwezi, na pengine mwaka, mpaka mgeni apate kibarua na kupanga chumba chake. Lakini mkeka haukuwa ndio kitu kikubwa alichopewa. Alichopewa ni dhamana. Serikali ya Kiingereza ilikuwa na desturi ya kuwakamata wasio na kazi na kuwarudisha makwao kwa nguvu, na hata baada ya Uhuru misako haikukoma, kwani sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwaondoa wengi mjini. Na mtu aliyekuwa na mwenyeji wa kusimama mlangoni na kusema, huyu ni mgeni wangu, alikuwa na kinga ambayo fedha hainunui. Tangu miaka ya 1960, chama tawala kilipoweka mabalozi wa nyumba kumi, mwenyeji alipaswa kumpeleka mgeni wake kwa balozi ili ajulikane. Kujulikana kulikuwa taabu kwa baadhi ya watu, nakiri, lakini kwa msafiri wa mbali kulikuwa nusu ya usingizi.

Wengine walikuwa na njia zao. Jamaa za Kihindi zilikuwa na musafarkhana, nyumba za wakfu za kuwapokea wasafiri wa dini yao, na Wakristo walikuwa na nyumba za makanisa kama ile ya Walutheri karibu na kanisa la Azania Front.

Lakini ukarimu wa akraba una kikomo, na kikomo chenyewe ni chumba. Mabasi ya bara yaliposhusha watu Mnazi Mmoja na Kisutu usiku wa manane, na hospitali kuu ya Muhimbili, iliyozinduliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, ilipovuta wagonjwa kutoka mikoa yote pamoja na ndugu wa kuwauguza, walizidi watu waliokuja bila jina la mjomba moyoni, au waliokuwa nalo wakaona haya kumwongezea mjomba mzigo. Mwenye nyumba aliyezoea kupangisha kwa mwezi akaona kwamba chumba kile kile, kikiwekwa kitanda, chandarua na ndoo, chaweza kupangishwa kwa usiku mmoja. Hakuongeza ukuta wala hakubadili mlango. Ndiyo maana gesti za kale za Kariakoo na Ilala, ukiingia, zina ukumbi ule ule, vyumba vile vile kuume na kushoto, na uani kule kule. Kilichohama ni baraza tu, ambayo imekuwa meza ndogo ya mapokezi, na juu ya meza hiyo kuna kitabu.

Kitabu hicho ni cha kustahiwa kuliko wengi wanavyodhani. Mgeni huandika jina lake, kabila lake, kazi yake, atokako, aendako, na siku aliyoingia. Vijana siku hizi hukereka kuulizwa kabila, na sina hoja kubwa ya kuwapinga. Lakini nikiisoma mistari hiyo nasikia sauti ya mwenyeji wa zamani akimwuliza mgeni wake habari za huko atokako, kisha akimpeleka kwa balozi. Ni dhamana ile ile, imeandikwa kwa wino.

Gesti ilipata pia jina baya, na lazima nilitaje, kwani ni sehemu ya historia yake. Chumba kinachopangishwa kwa usiku chaweza kupangishwa kwa saa, na zipo nyumba zilizoishi kwa wageni wa saa, hata neno gesti likawa la kutajwa kwa kunong'ona mbele ya wazee. Waliotaabika kwa sifa hiyo ni mama anayeuguza mwanawe Muhimbili, mwalimu aliyeitwa wizarani, na mfanyabiashara mwanamke wa Mbeya aliyelazimika kueleza kwao kwamba alilala salama na peke yake. Mwenye gesti anayekataa fedha ya saa moja ili kulinda heshima ya wanaolala hadi asubuhi hufanya ihsani kubwa, na wapo wenye kufanya hivyo, ingawa ihsani hiyo huwapunguzia chumo.

Soko jipya lililochorwa na msanifu Beda Amuli, lenye mapaa ya zege yaliyofunguka kama miamvuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na miaka kumi baadaye, biashara ilipolegezwa, Kariakoo ukawa duka la nchi jirani. Wakaja wanunuzi wa Lubumbashi na Bukavu, wa Lusaka, wa Lilongwe, wa Komoro, ambao hawakuwa na mjomba hapa wala hawakumtaka. Viwanja vikapanda thamani kupita kiasi. Nyumba ya vyumba sita ikabomolewa, na mahali pake pakainuka ghorofa nane au kumi, maduka chini, stoo katikati, vyumba vya wageni juu, lifti na kiyoyozi. Zinaitwa lodji na hoteli, na baadhi yake ni nzuri kweli kweli.

Basi kwa anayepanga sasa, na lugha yetu imetumia neno hilo moja kwa anayezipanga shilingi zake na kwa anayelipia chumba, natoa shauri nililolipata kwa kuishi karibu na nyumba hizi. Asihesabu kitanda peke yake. Kituo cha mabasi ya mikoani kimekuwa Mbezi tangu 2021, mwendo mrefu kutoka sokoni, na chumba rahisi kilicho mbali hula kwa nauli kile kilichookolewa kwa kodi. Lakini mabasi ya mwendokasi hufika Gerezani, kando ya Kariakoo, tangu 2016, na reli mpya kutoka Dodoma na Morogoro, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, humshusha msafiri karibu kabisa na Kariakoo. Ajue majira: Juni hadi Agosti kusi huvuma, mji hupoa, na feni ni zaidi ya kutosha, hali Januari na Februari joto la usiku humfanya mtu alipie kiyoyozi bila kupenda. Aepuke juma la maonyesho ya Sabasaba na siku za kuelekea Idi na Krismasi, vyumba vinapojaa. Aombe kukiona chumba kabla ya kulipa, afungue bomba, achunguze chandarua kama kina tundu, na aombe chumba cha nyuma, kwa kuwa upande wa mtaani mikokoteni huanza kabla ya alfajiri. Kisha amtazame mtu wa mapokezi: kama anauliza habari za safari na kuandika kwa makini, hapo pana mlango wenye macho.

Nina ombi moja kwa wenye nyumba hizi na warithi wao. Nyumba za Kiswahili zinabomolewa kila mwaka, na siwezi kumzuia mtu kuuza kiwanja chake. Lakini vitabu vya wageni vilivyojaa, vinavyofungiwa vitumbua au kuchomwa uani, vina majina ya watu waliokuja mji huu kutibiwa, kushtaki, kununua na kutafuta kazi, pamoja na tarehe na mahali walikotoka, na hakuna daftari jingine lililowaandika wote hivyo. Tafadhalini msivitupe. Vifungeni kamba, viwekeni mahali pakavu, na siku mtakapovunja ukuta wa mwisho vipelekeni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iliyopo Upanga, ambako ni mwendo wa miguu kutoka Kariakoo.