Utafiti wa viwanda Rwanda: nani anaamua nini, na mfanyabiashara agonge mlango upi

GIHUNDWE, Rusizi – Mfanyabiashara wa Gihundwe anayetaka kununua mashine ya kukoboa mpunga wa Bugarama, au kufunga unga kwa ajili ya soko la Bukavu, hukutana na majina mengi ya ofisi: NIRDA, RSB, RICA na IER. Kwa mbali zote zinaonekana kushughulika na ufundi na ubora, lakini kazi zao si moja. Anayekosea mlango hupoteza siku, nauli ya kwenda na kurudi Kigali, na wakati mwingine mteja anayesubiri mzigo.

Makala hii inaeleza jinsi NIRDA, ambayo ni taasisi ya taifa ya utafiti na maendeleo ya viwanda, ilivyoundwa na inavyoongozwa, na inavyotofautiana na ofisi hizo nyingine.

Asili yake

Mwaka 1947, wakati wa utawala wa Ubelgiji, ilianzishwa taasisi ya utafiti wa sayansi iliyoitwa IRSAC. Kituo chake kikuu kilikuwa Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, na kingine kilikuwa Astrida, mji ambao leo unaitwa Huye. Baada ya uhuru vituo hivyo vilitengana. Lwiro ilibaki Kongo, na upande wa Rwanda ikaundwa INRS mwaka 1964, ambayo baadaye iliitwa IRST. Taasisi hiyo ilijulikana kwa utafiti wa dawa za mitishamba na dizeli itokanayo na mimea.

Mwaka 2013 sheria iliunda NIRDA, ikachukua nafasi ya IRST. Lengo nalo lilibadilika: utafiti sasa unatakiwa kuvisaidia viwanda vya ndani kupata teknolojia, kuongeza uzalishaji na kushindana na bidhaa kutoka nje.

Ngazi za uongozi

Ngazi ya kwanza ni Wizara ya Biashara na Viwanda, MINICOM, inayosimamia sera na kuweka malengo.

Ngazi ya pili ni Bodi ya Wakurugenzi, yenye jukumu la kutoa mwelekeo na kusimamia mipango na bajeti. Katiba ya Rwanda inataka wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi, na bodi za taasisi za umma zimo.

Ngazi ya tatu ni Mkurugenzi Mkuu, ambaye ndiye mtendaji wa kila siku: wafanyakazi, maabara, mikataba na malipo.

Juu ya hayo kuna jicho la nje. Mkaguzi Mkuu wa Serikali hukagua hesabu za taasisi za umma, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Umma huweza kuwaita viongozi wajieleze hadharani. Kwa mlipa kodi hili si jambo dogo, kwani mashine iliyonunuliwa kwa fedha za umma ikakaa bila kazi ni hasara yake pia.

Taasisi si chama

Watu wengi huchanganya hapa. NIRDA haina wanachama wala kura. Chama cha wahandisi, IER, kilichopewa nguvu na sheria ya mwaka 2012, ni chombo cha wanataaluma wenyewe: wanachama hukutana katika mkutano mkuu na kuchagua viongozi wao. Kazi yake ni kusajili wahandisi na kusimamia maadili ya kazi yao. Kwa hiyo anayejenga ghala Kamembe na kutaka kujua kama mhandisi wake amesajiliwa, aulize IER.

Mlango upi kwa shida ipi

Anayetafuta teknolojia au ushauri wa uzalishaji aende NIRDA. Taasisi hii imekuwa ikitangaza wito wa wazi ambapo kampuni za sekta iliyotajwa hushindana kupata msaada wa kuboresha uzalishaji. Asiyefuatilia matangazo hayo hupitwa.

Viwango, vipimo vya maabara na cheti cha ubora ni kazi ya RSB. Ukaguzi wa bidhaa sokoni na zinazoingia nchini ni kazi ya RICA. Utafiti wa NIRDA, hata ukiwa mzuri namna gani, si cheti cha kuvukia mpaka.

Kwa wasafirishaji, Sheria ya Viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 inalenga alama ya ubora ya nchi mwanachama ikubaliwe na wanachama wengine. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, na chombo chake cha kisheria cha ukaguzi ni OCC. Hata hivyo, Bukavu ilichukuliwa na M23 Februari 2025, hivyo ni busara kuuliza taratibu za upande wa pili kabla ya kupakia.

Majirani

Tanzania iligawa kazi hii kwa taasisi kadhaa, kila moja na sheria yake: TIRDO ya Dar es Salaam (1979) kwa utafiti wa viwanda, TEMDO ya Arusha (1980) kwa usanifu wa mashine, na CAMARTEC (1981), pia ya Arusha, kwa zana za kilimo na teknolojia ya vijijini. Kenya ina KIRDI, iliyoundwa mwaka 1979, miaka miwili baada ya Jumuiya ya zamani kuvunjika. Katika Jumuiya ya sasa, EASTECO yenye makao Kigali huratibu sayansi na teknolojia kwa nchi wanachama. Haitoi vyeti vya bidhaa.

Ukiwa na malalamiko

Anza kwa maandishi kwa Mkurugenzi Mkuu, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa, panda kwa Bodi, kisha wizara. Shirikisho la sekta binafsi, PSF, lina wawakilishi hadi ngazi ya wilaya, na shida ya wafanyabiashara kumi ikipitia huko husikika kuliko barua ya mmoja.