Sauti iliyorekodiwa kama ushahidi (Lubumbashi)

Sauti iliyorekodiwa kama ushahidi ni maneno yaliyonaswa kwa simu au kinasa sauti na kupelekwa mahakamani ili kuthibitisha dai. Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), kuanzia Mahakama ya Amani hadi Mahakama ya Rufaa, kesi za jinai hufuata kanuni iliyorithiwa kwa Wabelgiji: ushahidi ni huru, na hakimu huupima mpaka dhamiri yake iridhike. Kwa hiyo sauti haikataliwi kwa kuwa ni sauti tu. Kizuizi kikubwa ni kifungu cha 31 cha Katiba ya 2006, kinacholinda faragha na siri ya mawasiliano. Kinastahili uzito huo: bila hicho, nani angezungumza na ndugu yake kwa uhuru? Sheria ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 iliongeza kanuni za ushahidi wa kielektroniki.

Kesi ya Wakongo inayofundisha zaidi iliamuliwa The Hague. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipokea simu zilizonaswa, zikiwemo za kizuizini, ambamo washtakiwa walisema kwa mafumbo kuhusu mashahidi. Mawakili walipinga vikali. Tarehe 19 Oktoba 2016, mwanasiasa wa Kongo Jean-Pierre Bemba na wenzake wanne walitiwa hatiani kwa kuwarubuni mashahidi. Rufaa ya 2018 iliithibitisha hatia hiyo.