Kipandikizi cha jino

Kipandikizi cha jino ni skrubu ya titani inayopachikwa katika mfupa wa taya ili ibebe jino la bandia. Msingi wake aliugundua Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi mwaka 1952, alipoona titani imeshikamana na mfupa wa sungura. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa 1965. Mfupa huhitaji takriban miezi 3 hadi 6 kuishika skrubu, na sigara au kisukari kisichodhibitiwa huweza kuharibu kazi yote. Kwa mvuvi au mkulima wa minazi wa Mwera, wilayani Pangani, gharama ni kubwa mno. Inasikitisha, kwani taya lenye pengo huendelea kupungua mfupa.